Watoto 180 wa Mvumi

Msafiri atokaye Dodoma mjini kwenda Mvumi hupita katika nchi ya mibuyu, mashamba ya mtama na uwele, na makorongo ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka hayana tone la maji. Si mbali, ni mwendo wa kilometa 40 hivi kuelekea kusini-mashariki. Watu wengi wa nchi hii wanaijua Mvumi kwa hospitali yake ya misheni ya Kianglikana, na hasa kwa matibabu ya macho. Jambo ninalotaka kulieleza katika kurasa hizi halijulikani sana, hata kwetu tunaoishi jirani. Mwezi Januari 1987 kazi iliyofanyika katika hospitali ile ilichapishwa katika kurasa tatu za jarida moja la London, na kurasa hizo tatu zimechangia mpaka leo kuamua mtoto mwenye surua apewe nini, awe yuko Dodoma, Dhaka au Lima.

Mimi si daktari. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimehariri maandishi ya afya kwa Kiswahili: vijitabu, mabango, miongozo ya wahudumu wa vijijini. Tangu nistaafu, vijana wanaosomea udaktari na uuguzi hapa Dodoma huniletea miswada yao niitazame kabla hawajaipeleka kwenye majarida. Ni kazi isiyo na sifa. Ikifanywa vizuri hakuna anayeiona, na ikifanywa vibaya lawama humwendea mwandishi. Lakini ni katika kazi hiyo nilipojifunza kuziheshimu kurasa tatu za Mvumi, na heshima hiyo ndiyo nitakayojaribu kuieleza.

Tuanze na surua yenyewe, maana kizazi cha leo kinaijua kwa jina tu. Bibi yangu alikuwa na msemo kwamba mtu asihesabu watoto wake kabla surua haijapita. Hakuwa anatania. Kabla chanjo haijaenea, surua iliua watoto wapatao milioni 2.6 duniani kila mwaka. Hapa Tanzania mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1975, na ilichukua miaka mingi kuvifikia vijiji vya mbali. Waliopona nao hawakuachwa salama wote. Wengine walitoka kitandani na kovu jeupe kwenye kioo cha jicho, wengine kwenye macho yote mawili, na tangu siku hiyo wakawa watu wa kushikwa mkono.

Watoto hao ndio waliomshughulisha Daktari Allen Foster, bingwa wa macho kutoka Uingereza, aliyefanya kazi Mvumi kwa miaka kumi hivi kuanzia mwaka 1975. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1987, yeye na mwenzake Alfred Sommer wa Marekani waliwaeleza watoto 130 wa Tanzania waliokuwa na vidonda kwenye kioo cha jicho. Katika kila vidonda 100, 37 viliambatana na surua ya karibuni. Na sababu kubwa iliyowapofusha watoto macho yote mawili ilikuwa upungufu wa vitamini A.

Kwa nini vitamini A, na kwa nini hapa? Mtu aliyekaa Ugogo hahitaji maelezo marefu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja. Majani ya kunde, mlenda mbichi, maembe na mapapai vina majira yake, na yakiisha, mboga inayobaki ni ile iliyokaushwa juani, ambayo imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya kile kinachogeuka kuwa vitamini A mwilini. Mtoto anaweza kushiba ugali kila siku, na bado mwili wake ukawa hauna akiba ya vitamini hiyo. Surua inapoingia, hiyo akiba ndogo huteketea kwa siku chache. Jicho hukauka, ngozi laini ya koo na mapafu hudhoofika, na maradhi mengine hupata mlango.

Sommer alikuwa amekwisha kuuona mlango huo kwingine. Mwaka 1986 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya kazi yao huko Aceh, Indonesia, katika vijiji 450. Watoto wa vijiji vilivyopewa vitamini A walikufa kwa asilimia 34 pungufu kuliko wenzao. Wataalamu wengi hawakuamini. Iliwezekanaje tone la vitamini, lenye thamani ya senti chache, lipunguze vifo kiasi hicho? Swali lilikuwa la haki, na halikujibiwa kwa maneno. Lilihitaji majaribio mengine, mahali pengine, kwa watu wengine.

Hapo ndipo Mvumi ilipoingia. Daktari A. J. G. Barclay, pamoja na Foster na Sommer, waliwachukua watoto 180 waliolazwa kwa surua, wakawagawa kwa bahati nasibu. Watoto 92 walipewa matibabu ya kawaida. Watoto 88 walipewa matibabu hayo hayo pamoja na vitamini A kwa kinywa, yuniti 200,000 siku ya kwanza na 200,000 siku iliyofuata. Walipoipima damu, asilimia 91 ya watoto walikuwa na kiwango cha chini cha vitamini hiyo. Naomba msomaji aishike namba hii ya 91, maana tutairudia.

Katika kundi la vitamini walikufa watoto sita, yaani asilimia 7. Katika kundi la pili walikufa 12, asilimia 13.

Mtu wa kawaida akisikia hivyo atasema kazi imekwisha: vifo vimepungua karibu nusu, tangazeni. Lakini wanasayansi wana swali moja la kuudhi ambalo huliuliza kila mara. Tuseme vitamini haina kazi yoyote: je, bahati peke yake ingeweza kuleta tofauti kubwa kama hii? Wakapiga hesabu, na hesabu ikajibu kwamba ndiyo, ingeweza, mara 13 hivi katika kila mara 100. Tangu Mwingereza R. A. Fisher alipoandika juu ya mambo haya mwaka 1925, desturi imekuwa kukubali matokeo pale tu bahati inapoweza kuyaleta chini ya mara 5 katika 100. Kwa kipimo hicho Mvumi haikuvuka mstari. Na waandishi waliiandika namba hiyo, 0.13, pale pale kwenye muhtasari, mwanzo kabisa, ambapo kila msomaji angeiona.

Kisha wakaeleza jambo la pili. Kwa watoto wenye umri chini ya miaka miwili, waliopewa vitamini walikuwa 46 na alikufa mmoja. Wasiopewa walikuwa 42 na wakafa saba. Hapa mstari ulivukwa. Msomaji anayependa hesabu anaweza kutoa mwenyewe na kupata mabaki: kwa watoto wakubwa zaidi, walikufa watano kati ya 42 waliopewa, na watano kati ya 50 ambao hawakupewa. Maana yake ni kwamba tofauti yote iliyoonekana ilikuwa kwa wadogo. Waandishi walisema pia kwamba watoto wenye lishe duni walikufa mara kadhaa zaidi kuliko wenzao, wawe wamepewa vitamini au la.

Sasa tuiangalie meza ya mhariri. Jarida lililopokea mswada huu ni British Medical Journal, lililoanza mwaka 1840. Mhariri wake kuanzia 1975 hadi 1991 alikuwa Stephen Lock, mtu aliyeifikiria kazi yake kwa kina kiasi cha kuiandikia kitabu mwaka 1985, akikiita A Difficult Balance, maana yake mizani iliyo ngumu kusawazisha. Utaratibu ni huu: mswada ukifika, mhariri huusoma, na ukimvutia huupeleka kwa wataalamu wengine wa fani ile ile, ambao huitwa wahakiki. Wahakiki huusoma, huandika dosari walizoziona, na hushauri uchapishwe, urekebishwe au ukataliwe. Aghalabu hawalipwi. Wakati ule mwandishi hakuambiwa majina yao. Ilikuwa mwaka 1999 ndipo jarida hilo lilipowataka wahakiki wajitambulishe kwa waandishi.

Watu wengi hudhani utaratibu huu ni wa kale kama sayansi yenyewe. La hasha. Kweli, jarida la Royal Society lilianza London mwaka 1665, na mhariri wa British Medical Journal wa karne ya 19, Ernest Hart, alikuwa na mazoea ya kuwauliza wataalamu. Lakini The Lancet, lililoanzishwa mwaka 1823, liliufanya uhakiki wa nje kuwa utaratibu wake wa kawaida mwaka 1976 tu. Kabla ya hapo mhariri aliamua mwenyewe, kama mzee wa baraza anayetegemea busara yake na sifa za msemaji.

Mbele ya mhakiki, mswada wa Mvumi ulikuwa na mambo mawili ya kujadili. La kwanza ni udogo wake: watoto 180 si wengi, na matokeo ya jumla hayakuvuka mstari. La pili ni lile kundi la walio chini ya miaka miwili. Kila mhakiki anajua kwamba mtu akiligawa kundi kubwa katika vikundi vidogo vya kutosha, hakosi kupata kimoja kinachompa jibu alitakalo. Ni sawa na kuikata nyama mpaka upate kipande unachokipenda. Kwa sababu hizo mbili jarida lingeweza kuukataa mswada na lisilaumiwe. Na kama lingeukubali, waandishi wangeweza kushawishika kuificha 0.13 katikati ya jedwali, na kuipandisha kwenye kichwa cha habari ile ya watoto wadogo.

Kilichochapishwa hakikuwa hivyo. Namba ndogo na namba kubwa ziliwekwa pamoja, kila moja na masharti yake. Jarida lilikubali kuchapisha jambo lenye shaka ndani yake, na shaka ikabaki wazi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi halisi ya mhariri wa jarida la tiba. Hawezi kujua ukweli kabla wengine hawajaupima. Anachoweza ni kuhakikisha kwamba namba haitoki mlangoni peke yake, kama mtoto anayetumwa sokoni bila kuambiwa anunue nini.

Na kuna jambo linaloumiza, ambalo linaonyesha hatari iliyo upande mwingine. Jarida hilo hilo lilikuwa limewahi kuchapisha habari kama hii. Mwaka 1932 daktari mmoja wa London, J. B. Ellison, aliripoti watoto 600 wenye surua aliowagawa nusu kwa nusu. Mia tatu waliopewa dawa yenye vitamini A kwa wingi, walikufa 11. Mia tatu wengine, walikufa 26. Kisha kimya. Ulaya watoto wakaanza kula vizuri zaidi, dawa za viuavijasumu zikaja, vifo vya surua vikapungua huko, na makala ikabaki kwenye rafu kwa miaka karibu 55, wakati watoto wa Afrika na Asia wakiendelea kufa kwa mamilioni. Kuchapishwa peke yake hakutoshi. Lazima awepo mtu wa kusoma, kuuliza na kurudia jaribio. Makala isiyosomwa ni kama kisima kilichochimbwa porini bila njia ya kukifikia.

Safari hii njia ilikuwapo. Katika mwaka ule ule wa 1987, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa tamko la pamoja kwamba watoto wenye surua wapewe vitamini A, katika nchi ambazo upungufu wake ni tatizo. Mwaka 1990 Gregory Hussey na Max Klein walichapisha jaribio la Cape Town lenye watoto 189. Waliokufa walikuwa 12, na kumi kati yao walikuwa katika kundi ambalo halikupewa vitamini. Mwaka 2005 wataalamu waliokusanya majaribio yote yaliyokuwapo, pamoja na lile la London la 1932 na lile la Mvumi, walipima upya. Walikuta kwamba dozi moja haikuonyesha kupunguza vifo. Lakini dozi mbili za yuniti 200,000 kwa siku mbili mfululizo zilipunguza sana vifo kwa watoto chini ya miaka miwili. Yaani kile kikundi kidogo cha Mvumi, ambacho mhakiki alikuwa na haki ya kukitilia shaka, kilikuwa kimesema kweli. Utaratibu wa dozi mbili kwa siku mbili, zikipunguzwa kwa watoto wachanga zaidi, ndio unaotumika mpaka leo.

Nilimweleza habari hii binti mmoja aliyeniletea mswada wake juu ya upungufu wa damu kwa wajawazito. Alinisalimu kwa adabu, akakaa, akafungua karatasi zake na kuweka kidole kwenye aya ya mwisho, ile inayotaja mapungufu ya utafiti.

"Mzee, hii aya nataka kuitoa," alisema. "Inaidhoofisha kazi yangu. Mhakiki akisoma kwamba niliwapima wanawake wachache, na wa kituo kimoja tu, ataurudisha mswada."

"Na ukiitoa, wanawake wako watakuwa wengi?"

Akacheka. "Hapana, mzee."

"Basi, mwanangu, iache. Mhakiki atazihesabu mwenyewe. Akikuta umekwisha kuzihesabu kabla yake, atakuamini na mengine."

Nilimpa nakala ya makala ya Mvumi akaisome. Aliporudi alisema kitu ambacho sikuwa nimekifikiria: kwamba zile namba zilimfanya aone aibu kidogo, kwa sababu watoto walikufa kwenye makundi yote mawili, na waandishi hawakujaribu kuwafunika. Aya yake aliiacha. Tena aliirefusha.

Nisidanganye kwamba utaratibu wa uhakiki ni ngome isiyopenyeka. Mwaka 1998 The Lancet, likiwa tayari lina wahakiki, lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake juu ya watoto 12, iliyodokeza kwamba chanjo ya pamoja ya surua, matumbwitumbwi na rubela ina uhusiano na usonji. Watoto 12 tu! Katika mkutano na waandishi wa habari, Wakefield alisema mambo makubwa kuliko yaliyokuwa kwenye karatasi. Uandishi wa uchunguzi wa Brian Deer kuanzia 2004 ulifichua mengi yaliyofichwa, waandishi wenza kumi wakaukana ufafanuzi ule mwaka huo huo, na mwaka 2010 jarida likaifuta makala yote. Kwa miaka 12 ilikuwa imesimama, na wazazi wengi katika nchi za Ulaya na kwingineko walikuwa wameacha kuchanja. Mhakiki husoma alichoandikiwa. Hawezi kuingia wodini kukagua kama kilichoandikwa ndicho kilichotokea. Mtu akiamua kusema uongo kwa ufasaha, uhakiki unaweza kupitwa. Basi dawa ya uongo huo inabaki kuwa ile ile: wengine warudie, wapime, waseme wazi. Makala ya Mvumi iliporudiwa ilizidi kuimarika. Ile ya 1998 iliporudiwa haikupata wa kuishuhudia.

Hatari ninayoijua mimi kwa karibu zaidi huja baada ya jarida, pale habari inapotafsiriwa na kufupishwa. Miaka mingi iliyopita ofisi moja iliniletea maneno ya bango la afya. Rasimu niliyoandika ilisema kwamba vitamini A hupunguza vifo vya watoto wenye surua mahali ambapo watoto wengi wana upungufu wa vitamini hiyo, na kwamba kinga ya surua ni chanjo. Bango lilipotoka kiwandani lilikuwa na maneno manne: VITAMINI A HUTIBU SURUA. Nilipouliza, niliambiwa nafasi ilikuwa ndogo, na kwamba wananchi hawapendi masharti. Miezi michache baadaye mama mmoja, mwenye akili zake timamu, aliniuliza kama vitamini ipo na inatibu, mtoto anasumbuliwa na sindano kwa nini. Sikuwa na neno la kumlaumu. Alikuwa amelisoma bango sawasawa. Bango ndilo lililokuwa limekatwa ulimi.

Wala si sisi tu. Mwaka 2025 surua ililipuka Texas, Marekani, ikawapata watu zaidi ya 760, na watoto wawili ambao hawakuwa wamechanjwa wakafariki. Katika nchi hiyo tajiri, ambako upungufu wa vitamini A ni nadra, habari zilienea kwamba vitamini hiyo ni kinga. Hospitali moja ya mji wa Lubbock ikaeleza kupokea watoto ambao maini yao yalionyesha dalili za kuzidishiwa vitamini A. Ile namba ya 91, niliyoomba msomaji aishike, ndiyo iliyosahauliwa. Katika watoto wa Mvumi, asilimia 91 walikuwa na kiwango cha chini cha vitamini A, na kwao dozi ile ilikuwa kama maji kwa mwenye kiu. Ukimmiminia mtu aliyekwisha kunywa akatosheka, unamzamisha. Na hata Mvumi vitamini haikuzuia surua. Ilimsaidia mtoto ambaye surua ilikuwa imekwisha kumpata. Anayezuia surua ni mchanjaji, na hapa kwetu tangu mwaka 2014 mtoto hupata dozi mbili za chanjo ya surua na rubela.

Hapana budi pia tuseme juu ya lugha. Makala ya Mvumi iliandikwa kwa Kiingereza, ikachapishwa London, na kwa miaka mingi haikuwa rahisi kwa mtu wa Dodoma kuiona. Afrika Mashariki tulikuwa na jarida letu la tiba, East African Medical Journal la Nairobi, ambalo limekuwapo tangu miaka ya 1920, nalo ni la Kiingereza vile vile. Siku hizi intaneti imefungua milango, na tangu mwaka 2002 upo mpango wa HINARI unaoziwezesha taasisi za nchi maskini kusoma majarida bure au kwa bei ndogo. Lakini mlango wa lugha bado umefungwa nusu. Wazazi ambao watoto wao walitoa damu ikapimwa, na ambao walikubali watoto wagawanywe makundi, hawakuwahi kusoma kilichopatikana. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tunadaiwa hapo. Na deni hilo halilipwi kwa bango la maneno manne. Hulipwa kwa kuhamisha habari nzima, pamoja na umri, dozi, mahali, na ile 0.13 yake.

Kuna watu huniambia kwamba huko ni kuwachosha wasomaji. Siamini. Mkulima wa Ugogo haambiwi tu kwamba mtama huota. Anajua ni udongo upi, mvua ya ngapi, mbegu ya lini. Maisha yake yote ni masharti. Mtu anayejua kwamba mvua ya kwanza inaweza kumdanganya atashindwaje kuelewa kwamba watoto 180 ni wachache, na kwamba jibu la kwanza linahitaji la pili?

Nimeisoma makala ile mara nyingi, na kila mara macho yangu husimama kwenye namba mbili, sita na 12. Jumla ni watoto 18. Majina yao hayamo, na si vizuri yawemo. Kama wangekuwa hai wangekuwa watu wazima sasa, wenye watoto wao. Kuandika kwamba walikufa sita, huku ukiwa na hamu ya kusema dawa yako imeponya, ni jambo gumu kuliko linavyoonekana. Kuandika kwamba bahati ingeweza kuyaleta matokeo yako mara 13 katika 100 ni gumu zaidi. Walioandika hivyo, na waliokubali kuchapisha hivyo, walimwachia msomaji asiyewajua nafasi ya kubishana nao. Kwa sababu waliiacha nafasi hiyo, Cape Town wakapima tena, wengine wakakusanya na kuhesabu upya, na leo muuguzi wa zahanati anayefungua kidonge cha vitamini A mbele ya mtoto mwenye surua ana sababu ya kukifungua, na anajua kwamba kesho yake atafungua cha pili.